Oili Chini ya Trekta, Klachi Inayoteleza: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Massey Ferguson 135 Lililozeeka

Massey Ferguson 135 lilianza kutengenezwa mwaka 1964, kwa hiyo mengi ya yale yaliyotoka kiwandani Coventry, Uingereza, sasa yamekaribia au yameshavuka nusu karne. Pamoja na umri huo, ukishuka kutoka Uyole, Mbeya, kuelekea Igurusi, Chimala na Rujewa wakati wa kuvuruga majaruba, au ukipita Isimani, Iringa, wakati wa kulima mahindi, utayakuta bado yanavuta haro na trela, mengine yakiwa na rangi iliyopakwa kwa brashi na taa moja tu inayowaka. Injini yake ya Perkins ya silinda tatu ni mvumilivu sana na hutengenezeka mara nyingi. Kinachowachosha wamiliki wengi ni sehemu iliyo katikati ya trekta, pale injini inapokutana na giaboksi, ambapo oili huvuja na klachi huungua.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mmiliki au fundi mwenye spana za kawaida, sakafu ya saruji na mtu wa kumsaidia. Mambo mengi yaliyomo yanafaa pia kwa Massey Ferguson 35 na 240, kwa kuwa muundo wa katikati unafanana. Msimamo wangu ni mmoja tangu mwanzo: katika matrekta haya, uvujaji wa oili na kuisha kwa klachi ni ugonjwa mmoja wenye dalili mbili, na anayetibu dalili moja bila nyingine atalifungua tena trekta lile lile kabla msimu haujaisha.

Mzee mmoja aliwahi kuniletea trekta lake kutoka upande wa Chimala likiwa limebadilishwa pleti (sahani ya klachi) mara mbili ndani ya msimu mmoja. Aliposhuka tu alisema, "Fundi, naomba klachi nyingine, hii imeisha tena." Nikamjibu, "Mzee wangu, tuanze na karatasi." Nililaza karatasi nyeupe chini ya tumbo la trekta, tukanywa chai, na tuliporudi tulikuta matone matatu meusi tii yenye ukingo wa masizi. Pleti haikuwa na kosa lolote. Sili ya nyuma ya injini, ile inayozuia oili isitoke pale shafti inapopita, ilikuwa imechoka, na aliyefunga pleti zile mbili hakuigusa kwa sababu mteja alikuwa ameagiza klachi peke yake.

Kwanza ujue ni oili ipi inayovuja

Chini kabisa ya nyumba ya klachi kuna tundu dogo ambalo ndani yake hukaa kotapini (pini ya waya uliokunjwa) inayochezacheza. Kotapini hiyo imewekwa pale makusudi ili itikisike na kuzuia tope lisizibe tundu. Kazi ya tundu ni kutoa nje oili yoyote iliyopenya ndani ya nyumba ya klachi, na kwa hiyo ndilo dirisha lako la kwanza. Katika matrekta ya bonde la Usangu nimelikuta mara nyingi limezibwa na udongo wa mfinyanzi uliokauka kama tofali; oili ikikosa njia ya kutoka hujikusanya ndani, kisha flaiwili, yaani gurudumu zito lililoko nyuma ya injini, huirusha juu ya pleti. Zibua tundu hilo kabla ya kufanya jambo lingine lolote, na usishangae likitoa kikombe kizima cha uchafu.

Baada ya hapo safisha tumbo lote la trekta kwa dizeli na brashi, lioshe kwa maji ya sabuni, likauke, kisha paka unga wa chaki au poda ya mtoto katika maungio yote: chini ya nyumba ya klachi, pembeni mwa vifuniko, kuzunguka plagi za kumwagia oili, nyuma kwenye shafti ya PTO (ile inayoendesha mashine zinazofungwa nyuma ya trekta) na ndani ya magurudumu ya nyuma. Endesha trekta kwa muda wa saa nzima likiwa na mzigo, maana sili iliyochoka mara nyingi huzuia oili ya baridi na kuiachia ile ya moto. Unga ulioloa utakuonyesha mahali uvujaji unapoanzia, ambapo kwa kawaida ni juu zaidi ya mahali tone linapodondokea.

Tone linalotoka kwenye tundu la kotapini lina asili mbili za kawaida. Likiwa jeusi na kuacha masizi kwenye karatasi, ni oili ya injini, na mshukiwa ni sili ya nyuma ya krenkshafti, shafti kuu ya injini. Likiwa la rangi ya dhahabu au ya asali, au lina weupe kama chai ya maziwa, ni oili ya giaboksi, na washukiwa ni sili mbili zilizoko mbele ya giaboksi. Thibitisha kwa stiki za kupimia: weka alama ya kiwango cha injini na cha giaboksi asubuhi, kisha angalia jioni ni ipi iliyoshuka. Rangi ile ya chai ya maziwa maana yake ni kwamba maji yameingia, jambo ambalo ni la kawaida kwa trekta linalovuruga majaruba huku maji yakifika kwenye ekseli.

Kabla ya kuihukumu sili ya injini, kagua bomba la kupumulia la injini. Bomba hilo likiziba kwa masizi au kwa nyumba ya nyigu, mvuke unaopita kwenye ringi za pistoni hukosa njia, msukumo huongezeka ndani ya injini, na oili husukumwa kupita hata sili ambayo bado ni nzima. Nimewahi kuokoa siku mbili za kazi kwa kipande cha waya kilichonyooshwa. Kagua pia kama oili imezidi kiwango, hasa kwenye giaboksi, kwa kuwa wapo madereva wanaoongeza kila wiki bila kupima.

Uvujaji wa sehemu nyingine hauhitaji kulifungua trekta katikati. Sili ya PTO nyuma hubadilishwa kwa kufungua kifuniko chake tu, vifuniko vya pembeni hutaka gasketi mpya, na oili inayoonekana ndani ya gurudumu la nyuma ni ya sili ya hafushafti, shafti inayozungusha gurudumu hilo. Hiyo ya mwisho usiiahirishe hata kidogo, kwa sababu oili hiyo inaishia kwenye breki, na barabara zetu hazina huruma kwa trela lisilo na breki.

Ipime klachi kabla ya kuilaumu

Matrekta mengi ya aina hii yana klachi ya hatua mbili. Ukikanyaga pedali mpaka katikati, unakata nguvu inayokwenda kwenye gia. Ukikanyaga mpaka chini kabisa, unakata pia PTO, na pampu ya haidroliki husimama kwa kuwa inaendeshwa na shafti hiyo hiyo. Ndani yake kuna pleti mbili, na kila moja inaweza kufa kwa wakati wake. Trekta linalovuma bila kwenda lina pleti kuu iliyochoka, ilhali lile linalokwenda vizuri lakini likanyanyua plau kwa kusuasua pindi mzigo unapozidi huenda lina pleti ya PTO inayoteleza, ingawa wengi hukimbilia kuifungua pampu.

Jaribio la kuteleza ni rahisi. Simamisha trekta mahali tambarare pasipo na watu mbele, funga breki ya mkono, kanyaga breki zote mbili, weka gia ya juu kabisa, shikilia gesi ya wastani, kisha achia klachi taratibu. Injini inapaswa kuzimika. Ikiendelea kuunguruma huku trekta limesimama, klachi inateleza. Usirudie jaribio hili mara nyingi, maana kila mara unaichoma. Jaribio la pili ni la klachi isiyokata: kanyaga pedali, hesabu mpaka tano, kisha jaribu kuingiza rivasi. Gia zikisaga, pleti bado inazungushwa.

Kabla ya kuhitimisha, pima mchezo wa pedali, yaani ule mwendo wa bure kabla hujahisi uzito. Unatakiwa uwe sentimita mbili hadi mbili na nusu hivi kwenye uso wa pedali. Pedali isiyo na mchezo kabisa huibana rilizi beringi (beringi inayosukumwa na pedali) dhidi ya vidole vya klachi (vyuma vinavyoiachia pleti) muda wote, na klachi huteleza hata kama pleti ni mpya. Mchezo ukizidi, klachi haikati. Kuna klachi zilizofunguliwa kwa gharama kubwa ilhali zilihitaji spana moja na dakika kumi.

Jambo moja la kuzingatia kwa wenye trekta la Multi-Power, yaani lenye giaboksi inayobadili mwendo wa juu na wa chini bila kukanyaga klachi: likiwa katika mwendo wa chini, injini haisaidii kulizuia trekta kwenye mteremko, hivyo litateremka kwa uhuru kana kwamba klachi imekatika. Huo ni muundo wake, na klachi haihusiki. Katika miteremko ya Mporoto au Kitonga weka mwendo wa juu wa Multi-Power pamoja na gia ndogo kabla hujaanza kushuka.

Vipuri na maandalizi

Mimi hushauri kazi hii ifanywe kati ya Juni na Septemba, kabla mvua za Novemba hazijaanza, wakati ambapo trekta linaweza kulala karakanani wiki nzima bila mtu kulia. Nunua vyote kwa pamoja: pleti kuu, pleti ya PTO, rilizi beringi, paileti beringi (inayoshika ncha ya shafti katikati ya flaiwili), sili kubwa na ndogo za mbele ya giaboksi, sili ya nyuma ya injini na gasketi zake. Sili ni za bei nafuu sana ukilinganisha na kazi ya kuzifikia, na hakuna hesabu inayoweza kumtetea mtu anayelifungua trekta na kurudisha sili ya zamani eti bado inaonekana nzuri.

Usiende dukani na jina la trekta tu. Klachi za hatua mbili ziko za inchi 11 na za inchi 12, na matundu ya katikati ya pleti hutofautiana idadi ya meno. Trekta lenye miaka hamsini linaweza kuwa limeshafungwa giaboksi ya trekta jingine bila wewe kujua. Kwa hiyo fungua kwanza, nenda kwenye maduka ya vipuri Mwanjelwa au Makambako na pleti ya zamani mkononi, hesabu meno, linganisha kipenyo na urefu wa kitovu. Kwenye sili soma namba zilizochapwa pembeni, na ukiona mpira wake ni mgumu au mdomo una mkunjo, iache hapo hapo hata kama muuzaji anakuapia.

Kulikata trekta katikati

Sehemu hii ndiyo inayoweza kuua mtu, kwa hiyo nitaenda polepole.

Trekta hili halina fremu. Injini, giaboksi na ekseli ya nyuma ndizo uti wa mgongo wenyewe, na ukishafungua bolti za katikati unabaki na vipande viwili vizito ambavyo havina kinachovishika. Tena ekseli ya mbele imeshikwa na pini moja katikati ili ifuate mabonde ya shamba, na hivyo injini ikiachwa peke yake juu ya magurudumu mawili itapinduka upande. Kabla ya kugusa bolti yoyote, gongelea kabari za mbao ngumu kati ya ekseli ya mbele na kiti chake, pande zote mbili, mpaka injini isiweze kuyumba. Kisha weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma, na ufunge breki ya mkono.

Ondoa waya wa betri. Mwaga oili ya giaboksi kwa kufungua plagi zote za chini, ukiwa na madumu ya kutosha, maana humo kuna takriban lita 30. Kama oili ilikuwa na weupe, liache trekta lilale usiku mzima kwanza, kisha asubuhi legeza plagi kidogo: maji yaliyotulia chini ndiyo yatakayotangulia, na utaona kwa macho yako ni kiasi gani yalikuwa yanasaga beringi zako. Halafu toa boneti, mabomba ya dizeli, waya wa gesi na wa kuzimia, bomba la geji ya oili, kebo ya mita, nyaya za umeme, stata, mikono ya usukani inayokwenda kwenye magurudumu ya mbele na zile fimbo zinazoishikilia ekseli ya mbele pale zilipofungwa kwenye mwili wa trekta. Piga picha kwa simu kila unapotoa kitu, na kila bolti irudishwe kwenye tundu lake au iwekwe kwenye kopo lenye alama, kwa sababu urefu wake haulingani.

Weka stendi imara chini ya giaboksi, sehemu ya mbele, na jeki ya magurudumu chini ya nyuma ya injini, juu ya kipande cha mbao. Sampu ya injini hii, yaani bakuli la oili lililo chini yake, ni ya chuma cha kumimina, inabeba uzito huo bila kupasuka. Matofali hayafai kabisa kuwa stendi, hata yale ya kuchoma. Tofali hupasuka ghafla bila kutoa onyo. Fungua bolti za pembeni, ukiacha mbili za mwisho, moja kila upande, hadi uhakikishe jeki imebeba uzito bila kuinua. Toa hizo mbili, kisha sukuma upande wa injini kwenda mbele ukitumia magurudumu yake yenyewe, mtu mmoja akiongoza gurudumu na mwingine akiitazama jeki. Nafasi ya meta moja inatosha. Mtoto, kuku na mtazamaji wakae mbali.

Kusoma kilichomo ndani

Usipulize vumbi kwa kompresa. Pleti za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo ikiingia kwenye mapafu haitoki. Lowesha vumbi kwa maji ya sabuni, lifute kwa kitambaa, na ukitupe kitambaa hicho kikiwa bado kibichi ndani ya mfuko. Kisha tazama kabla ya kusafisha, kwa kuwa uchafu unaeleza mengi. Mistari ya oili iliyotapakaa kama miali ya jua kutoka katikati ya flaiwili inaonyesha uvujaji wa upande wa injini. Oili iliyolowesha rilizi beringi na uso wa giaboksi, huku flaiwili ikiwa kavu, inaonyesha sili za giaboksi.

Tia alama ya tindo kwenye flaiwili na kwenye kifuniko cha klachi ili virudi vilivyokuwa, kisha legeza bolti kwa zamu, nusu mzunguko kila moja, kwa sababu springi za ndani zina nguvu na zinaweza kupinda kifuniko au kukurukia. Ukitaka kufungua kifuniko chenyewe ili kufikia pleti ya PTO, kibane kwanza kwa presi au kwa bolti tatu ndefu ulizozipanga sawasawa, halafu uachie taratibu.

Angalia ribiti za pleti. Zikibaki chini ya nusu milimita kufika usoni, pleti imeisha. Pleti iliyonyonya oili nayo imeisha, hata ikiwa nene kama mpya. Wapo wanaoiosha kwa petroli na wapo wanaoichoma moto mpaka iache kutoa moshi. Pleti hiyo itashika siku mbili tatu, kisha joto la kazi litaivuta oili iliyojificha ndani yake na utarudi mwanzo. Tikisa kitovu cha pleti kwenye meno ya shafti: mchezo mdogo unavumilika, mkubwa unagonga na kula meno. Kwenye flaiwili na presha pleti (bamba linaloibana pleti) tafuta mabaka ya bluu na nyufa nyembamba. Mabaka na mikwaruzo hurekebishwa na mkereza (fundi wa mashine ya kukereza), lakini umwambie apunguze kiasi kile kile pale kifuniko kinapokaa, la sivyo nguvu ya springi itapungua na umeharibu klachi kwa kuitengeneza. Nyufa zinazofika ukingoni hazina dawa.

Sili ya nyuma ya injini

Toa flaiwili ukiwa na msaidizi, kwa kuwa uzito wake huwashangaza wengi. Katika injini nyingi za Perkins za umri huu, sili ya nyuma si ya mpira wa duara. Ni kamba nene iliyosokotwa, iliyolazwa ndani ya vipande viwili vya nusu duara. Fundi asiyeijua huiona kama takataka na kuitupa, au huipaka silikoni. Inahitaji ustaarabu fulani.

Safisha mifereji ya vipande vyote viwili hadi chuma king'ae. Laza kamba mpya ukianza na ncha mbili, usukume kwa kidole kuelekea katikati ili isivutike ikawa fupi, kisha izungushie chuma laini cha mviringo ukikandamiza mpaka ikae sawa mferejini. Ncha zake zibaki zimejitokeza robo hadi nusu milimita tu juu ya ukingo wa chuma, ili vipande vikikutana zibanane zenyewe. Paka grisi yenye grafaiti kwenye uso unaogusa shafti. Funga vipande kwa gasketi mpya, kaza kwa zamu, zungusha injini kwa mkono: iwe nzito kidogo, isikwame. Kama injini yako ni ya baadaye na ina sili ya mpira, kazi ni fupi zaidi. Hakikisha tu kwamba mdomo wenye springi unatazama ndani kwenye oili.

Sili za mbele ya giaboksi

Hapa kuna shafti mbili, moja ndani ya nyingine: ya ndani inaendesha gia, na ya nje, yenye uwazi, inaendesha PTO. Sili kubwa inazuia oili nje ya shafti yenye uwazi, na sili ndogo imejificha ndani yake, ikiizunguka shafti ya ndani. Hiyo ndogo ndiyo inayosahauliwa, na nimeshaona trekta lililorudi na uvujaji ule ule kwa sababu ya kipande cha mpira kisichozidi upana wa vidole viwili.

Fungua nyumba ya sili inayobeba rilizi beringi, toa sili za zamani bila kukwaruza vitako vyake, kisha pitisha ukucha juu ya shafti pale mdomo wa sili ulipokuwa ukisugua. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, sili mpya itavuja kuanzia siku ya kwanza. Dawa ni kuikalisha sili mpya milimita mbili mbele au nyuma ya mahali pa zamani, kama kitako kinaruhusu, au kumpelekea mkereza avalishe shafti kikuku chembamba. Shika shafti na uitikise juu na chini. Ikicheza wazi, beringi imekufa, na hakuna sili inayoweza kuzuia oili kwenye shafti inayocheza ngoma.

Gongea sili ndani kwa kipande cha bomba chenye upana wake, pole pole, mdomo wenye springi ukitazama oili. Kabla ya kuipitisha juu ya meno ya shafti, yafunike kwa nailoni laini iliyopakwa grisi, maana meno hayo hukata mdomo wa sili kama wembe na hutauona mkato huo mpaka trekta lishafungwa. Gasketi iwe na unene ule ule wa ile ya zamani. Silikoni, ikibidi, iwe utando mwembamba tu. Kumbuka kwamba oili hii ndiyo hiyo hiyo inayonywewa na pampu ya haidroliki. Kila uzi wa silikoni unaobanwa kwenda ndani utaishia kwenye chujio la pampu, na mwezi ujao utaambiwa haidroliki imekufa.

Kurudisha

Badilisha paileti beringi iliyo katikati ya flaiwili, kisha rudisha flaiwili na kaza bolti zake kwa zamu. Pleti zinatakiwa kukaa katikati kabisa, na kifaa cha kuzipangia ni shafti ya zamani au mti uliokerezwa kwa vipimo vya shafti yako. Macho peke yake hayatoshi kwa klachi yenye pleti mbili. Soma maandishi kwenye pleti yanayoonyesha upande wa flaiwili, au linganisha na picha zako. Kaza kifuniko kwa zamu, kisha pima urefu wa vidole vyote vitatu kutoka uso mmoja. Vikitofautiana, klachi itatetemeka kila unapoondoka, na fundi atasingiziwa kuwa amefunga pleti feki. Paka grisi chembe tu kwenye meno ya shafti, nyingine ifutwe.

Kwenye matundu mawili ya nyumba ya klachi, kushoto na kulia, funga vijiti viwili virefu vilivyotengenezwa kwa bolti zilizokatwa vichwa, viwe viongozi. Sukuma injini irudi nyuma kwa usawa, ukipima pengo juu, chini na pembeni mpaka lilingane. Shafti ikigusa pleti, weka gia na mtu azungushe gurudumu la nyuma lililoinuliwa, au PTO kwa mkono, hadi meno yaingiliane. Sehemu mbili zinapaswa kukutana kwa kusukumwa na mikono. Zikibakiza pengo la sentimita moja, rudi nyuma na uanze tena. Anayevuta pengo hilo kwa bolti hupinda kitovu cha pleti au huvunja sikio la nyumba, na nyumba hiyo haichomelewi ikawa kama zamani.

Vitu vyote vikisharudi, seti mchezo wa pedali. Kisha kupitia dirisha la nyumba ya klachi, pima kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia) nafasi kati ya bolti tatu za kurekebishia na pleti ya kubana ya PTO. Iwe takriban milimita 2, sawa kwenye zote tatu. Nafasi hiyo ndiyo inayoamua kama PTO itakatika pedali ikifika chini, na isipokuwa sawa, upande mmoja wa pleti utaisha kabla ya mwingine.

Oili na saa za kwanza

Jaza oili ya matrekta inayofaa giaboksi na haidroliki kwa pamoja, mpaka alama ya stiki, trekta likiwa tambarare. Oili nzito ya gia namba 140, ambayo baadhi ya watu huijaza wakiamini itapunguza uvujaji, haifai: asubuhi za Juni kule Njombe na Makete huganda kiasi kwamba pampu hulia na plau hainyanyuki mpaka jua lipande. Washa injini, acha izunguke, nyanyua na ushushe mikono ya haidroliki mara kadhaa, zima, subiri kidogo, kisha pima tena, kwa sababu kiwango hushuka.

Siku ya kwanza fanya kazi nyepesi. Vuta trela tupu, kata na uachie klachi mara nyingi bila kuishikilia katikati, uiache pleti ijisugue taratibu dhidi ya flaiwili. Baada ya saa kumi hivi, kaza tena bolti za katikati na upime mchezo wa pedali, ambao huwa umepungua kidogo. Na umweleze dereva, kwa heshima lakini bila kumung'unya maneno, aondoe mguu kwenye pedali anapokuwa shambani. Mguu uliopumzika pale hula pleti kuliko plau.

Mzee wa Chimala alikuja kuchukua trekta lake siku ya nne. Kabla ya kulipa alipiga magoti mwenyewe, akaingiza kidole kwenye tundu la kotapini, akakitoa na kukitazama. Kilikuwa kikavu. Akaniomba ile karatasi nyeupe, akaikunja na kuiweka mfukoni.